Safu ya Ushauri: Kundi letu lina wasimamizi 11 na hakuna anayesimamia

Kwa Bibi Mshauri,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi katika shehia moja iliyo nje kidogo ya mji wa Wete, Pemba. Miaka michache iliyopita nilifungua kundi la WhatsApp la watu wa kijiji chetu kwa madhumuni ya kuchangishana fedha za madawati, kwa sababu watoto wa madarasa ya chini walikuwa wakikaa sakafuni. Tulianza jamaa na majirani wasiofika hamsini. Leo tumepindukia mia saba, walioko hapa nyumbani, Unguja, Dar es Salaam, Mombasa, Muscat, London na Toronto, na kundi limegeuka kuwa ndiyo barza ya kijiji: ndipo misiba inapotangazwa, ndipo watu wanapoalikwa harusi, ndipo bei ya karafuu inapoulizwa msimu unapokaribia, na ndipo ugomvi unapozuka.

Kundi lilipokuwa kubwa nikaona silimudu peke yangu, nikawapa usimamizi watu wanne. Wa kwanza ni bwana mmoja wa hapa kijijini anayefanya kazi Muscat, ambaye ndiye mchangiaji wetu mkubwa, na michango yote hupitia kwa mdogo wake aliyebaki nyumbani. Wa pili ni mjomba wangu, mwalimu mkuu mstaafu, aliyewasomesha nusu ya wanakundi. Wa tatu ni binamu yangu, kijana ambaye mambo ya simu hayampigi chenga. Wa nne ni jirani aliyekuwa akiniomba nafasi hiyo kila tukitoka msikitini.

Mambo yalianza kuharibika pale mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi wangu, alipoandika kundini akiuliza kwa adabu kabisa ni madawati mangapi yameshatengenezwa na fedha kiasi gani zimebaki. Haikupita robo saa akawa ameshatolewa, na aliyemtoa ni yule bwana wa Muscat. Watu walinyamaza, lakini tangu siku hiyo michango imepungua.

Jambo la pili linaniuma zaidi. Msimu wa karafuu uliopita kijana wa hapa alianguka kutoka juu ya mkarafuu, akakimbizwa hospitali. Usiku ule ule mtu mmoja akaandika kundini kuwa amefariki, akaweka na picha yake akiwa amelala chini ya mti. Mama yake, ambaye simu yake haina intaneti, alizipata habari kwa kusikia majirani wanaingia uani wakilia. Kijana alikuwa hai, yuko wodini, amevunjika mguu. Ujumbe ule ulikaa mpaka asubuhi, na chini yake watu wanamuombea maghufira.

Mjomba naye hutusambazia kila siku dawa za mitishamba na maneno ya siasa, na anayempinga hufutiwa alichoandika. Binamu yangu amewapa usimamizi marafiki zake, hata sasa wasimamizi wamefika 11, na wiki iliyopita wawili kati yao walivuana madaraka mbele ya watu wote kwa sababu ya ubishi wa mpira.

Wanakundi wanataka wasimamizi wapya. Wengine wanasema tupige kura humo humo kundini, wengine wanasema sheha atuteulie, na wengine wanataka tuchukue watu wa vyama viwili vya siasa kwa idadi sawa ili pasiwe na manung'uniko. Bwana wa Muscat amekwisha kutamka kuwa akiondolewa, mchango wake utakoma, na madawati ya darasa la tatu bado hayajatengenezwa. Nitawachaguaje watu wanaofaa? Na nitawaondoaje hawa waliopo, hasa mjomba wangu, bila ya kuvunja udugu?

Mwalimu wa Madawati,
Wete, Pemba.

---

Wa alaykumu salaam, mwanangu, na marahaba.

Wale watu wanne kila mmoja alipata usimamizi kwa sababu inayoeleweka, lakini hakuna hata sababu moja kati ya hizo inayohusiana na kazi yenyewe. Mmoja alipewa kwa kuwa ana fedha, mmoja kwa kuwa ana umri na heshima, mmoja kwa kuwa simu haimshindi, na mmoja kwa kuwa hakuchoka kuomba. Kazi ya msimamizi ni kuamua, mara nyingi kwa haraka na mbele ya macho ya watu, neno gani libaki na neno gani liondoke, nani aonywe na nani atolewe, kisha aweze kumweleza sababu ya uamuzi huo yule yule aliyeumizwa nao. Fedha hazimfundishi mtu hayo, wala mvi, wala ufundi wa simu. Na huyo aliyeomba kwa bidii mimi ningemtazama mara mbili, kwa sababu mtu anayetamani mno uwezo wa kuwatoa wenzake aghalabu huwa ameshajua ataanza na nani.

Nitaanza na fedha, maana ndizo zilizokuvunjieni imani. Yule mama hakumtukana mtu. Alitolewa kwa sababu aliyekuwa akiulizwa hesabu, yeye au mdogo wake, ndiye aliyekuwa na uwezo wa kumtoa muulizaji, na mtihani wa namna hiyo hawaushindi wengi, hata wacha Mungu. Kwa hiyo kanuni yako ya kwanza katika kuchagua iwe hii: anayekusanya, anayehifadhi au anayechangia fedha nyingi hawi msimamizi, na msimamizi hagusi fedha. Kisha mtu wa hesabu atoe taarifa kila mwezi kabla ya kuulizwa, hata ikiwa ni picha ya ukurasa wa daftari tu, yenye kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, pamoja na risiti ya seremala. Mkifanya hivyo mtaona kuwa nusu ya kazi ya kuwatuliza watu imekwisha bila ya msimamizi yeyote kuingia kati.

Sasa kuhusu kuwatafuta. Usianze kwa kuorodhesha majina ya watu unaowapenda au wanaoheshimika. Kaa siku moja iliyotulia, urudi nyuma katika mazungumzo ya kundi kwa miezi mitatu au minne, uyasome kama unavyosahihisha madaftari ya wanafunzi. Usitafute anayesema sana. Mtafute yule aliyeuliza, "Habari hii nani ameithibitisha?" wakati wengine wote wanaisambaza. Mtafute aliyebishana na mwenzake juu ya jambo zito na siku ya pili wakasalimiana vizuri. Mtafute aliyekosea, akakosolewa, akasema "nimekosea" bila ya kutafuta kisingizio, na yule ambaye maneno yakipamba moto huandika sentensi mbili tu na joto likashuka. Watu hao wamekuwa wakikusaidieni kusimamia kundi bila ya cheo, na inawezekana kabisa kuwa wengi wao hawajapata kuomba chochote.

Turudi kwenye usiku ule wa mkarafuu, kwa sababu hapo ndipo msimamizi mzuri anapojulikana. Msimamizi anayefaa, akiuona ujumbe ule, hamuulizi mtu ruhusa. Anaufuta kwa wote, pamoja na picha, kwa sababu tangu mwaka 2022 WhatsApp imempa msimamizi uwezo wa kufuta ujumbe wa mwanakundi yeyote. Hapo hapo anaandika: "Ndugu zangu, ujumbe uliopita umeondolewa mpaka familia yenyewe itoe taarifa. Tunaomba kila mtu asubiri, na aliyeisambaza picha aifute." Kisha anampigia simu aliyeandika, si kumkaripia bali kumuuliza habari ameipata wapi, na mwisho anamtafuta mtu aliyeko hospitali au jirani wa karibu wa yule mama. Hayo yote hayachukui nusu saa. Lakini yanahitaji mtu ambaye moyo wake hauendi mbio pamoja na kundi, na hiyo ni tabia ambayo mtu huwa nayo au hana. Kumfundisha ndani ya wiki moja huwezi.

Sisi wa visiwani tuna sababu ya kulitilia mkazo jambo hili. MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikielekea Pemba, na MV Skagit ikazama Julai 2012, kwa hiyo leo boti ikichelewa kidogo na mtu mmoja akatuma ujumbe wa sauti wenye pumzi za haraka, nyumba nyingi hazilali. Pia kuna sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatumika Zanzibar kama inavyotumika Tanzania Bara, na kifungu chake cha 16 kinamtia hatiani anayechapisha habari huku akijua kuwa ni za uongo, kwa nia ya kudhalilisha au kupotosha umma. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Hutaki msimamizi anayewatisha watu kwa sheria kila siku, lakini unataka anayeijua, ili amwambie kijana mwenye haraka afute alichoandika kabla hakijamfika pabaya.

Jambo gumu kuliko yote kwetu ni heshima. Mahali ambapo mtu humwamkia mkubwa wake shikamoo kabla ya neno jingine lolote, ni nani atakayethubutu kuufuta ujumbe wa mwalimu wake wa zamani, au wa ami yake, au wa mtu anayemdai? Ukichagua vijana watupu, wataogopa wazee au watawavunjia heshima, na yote mawili yataliharibu kundi. Ukichagua wazee watupu, vijana watahama na kufungua kundi lao la kuwasema ninyi. Anayefaa ni yule ambaye, awe na umri wowote, anajua njia ya faragha. Huyo hamjibu mzee mbele ya watu, humfuata pembeni na kumwandikia: "Shikamoo mjomba. Ile dawa uliyoituma inawaambia wenye presha waache vidonge vyao, na humu tuna wagonjwa watakaoifuata kwa sababu wewe ndiye uliyeituma. Naomba uniruhusu niiondoe." Wazee wengi wakiambiwa hivyo hukubali, na baadhi yao huiondoa wenyewe. Na ikiwa mzee atakataa, ujumbe utaondolewa vivyo hivyo, kwa sababu ugonjwa wa presha hauangalii nani ameheshimiwa.

Ukishapata majina kama kumi hivi, zungumza na kila mmoja peke yake, uso kwa uso akiwa karibu au kwa simu akiwa mbali, umuulize maswali yenye hali halisi. Akiambiwa kuwa kaka yake wa tumbo moja amemtukana mtu kundini, atafanya nini? Halafu muulize swali ninalolipenda zaidi: mtu usiyempenda kabisa amesema jambo la kweli, lakini kwa ukali, je, utamfuta? Sikiliza jibu kwa makini. Anayekuambia mara moja "nitamfuta, hana adabu" hafai, na anayekuambia "nitamwacha aseme atakalo" naye bado. Yule anayefikiri kidogo, akasema ataliacha lile la kweli na kumwomba mwenyewe alipunguze ukali, au akakuuliza, "Ukali wa namna gani?" huyo usimwache akapita.

Barua yako imetaja wanaume tu katika wasimamizi wote unaowaeleza, na sidhani kama umeliona hilo. Katika kundi la WhatsApp namba ya kila mmoja huonekana na wenzake, kwa hiyo wapo wanawake ambao baada ya kuandika neno moja tu la salamu hufuatwa pembeni na watu wasiowajua kwa maneno yasiyofaa. Mwanamke aliyefikwa na hayo hatakwenda kumweleza msimamizi ambaye ni rafiki wa aliyemsumbua. Atajitoa kimya kimya, na ninyi mtadhani amebadilisha simu. Wasimamizi wanawake wawe zaidi ya mmoja, kwa sababu akiwa peke yake atageuzwa kuwa karani wa malalamiko ya wanawake na hatasikilizwa katika mengine.

Angalia na saa. Mna watu Toronto, ambako saa tisa za usiku wetu ni saa moja au mbili za usiku kwao, kwa kutegemea majira. Mtu mmoja mwenye busara aliyeko huko angeuona ujumbe wa mkarafuu wakati ninyi nyote mmelala. Mchana wa hapa unahitaji wa hapa, na mwezi wa Ramadhani, nakutania kidogo tu, weka wawili wenye subira zamu ya baada ya alasiri.

Nije kwenye yale mapendekezo matatu. La vyama naelewa linatoka wapi: Wazanzibari tulipiga kura ya maoni tarehe 31 Julai 2010 tukaukubali mfumo wa serikali ya umoja wa kitaifa, na tangu hapo kugawana kwa vyama kumekuwa ndiyo dawa ya kwanza inayotujia kichwani. Serikalini lina mantiki yake, kwa sababu huko ndiko vyama vinakoshindania mamlaka ya nchi. Kundini litafanya kinyume. Ukimchukua mtu kwa sababu ya chama chake, kila ujumbe wa siasa utakaofutwa utahesabiwa ni wa upande gani, na kila msimamizi atajiona wakili wa wenzake. Chagua watu ambao wote mnawajua rangi zao na bado mnawaamini, kisha kubalianeni juu ya siasa kwa kanuni moja isiyomuuliza mtu chama. Kwa mfano, kuwa picha za video za kampeni hazitumwi humu, za upande wowote.

Kuhusu sheha, huyo ni mtumishi wa Serikali mwenye kazi zake, na akikuteulieni wasimamizi, kundi litaonekana ni la Serikali hata asipotaka. Mwalikeni awe mwanakundi kama wengine, inatosha. Na kura ya humo humo kundini mimi siipendi kwa sababu moja ndogo yenye madhara makubwa: kura ya WhatsApp huonyesha jina la kila aliyepiga na alichokichagua. Nani atamnyima kura jirani yake huku jirani anaangalia? Atashinda mwenye ukoo mkubwa. Badala yake, waombe wanakundi wakupendekezee majina kwa faragha, linganisha na uliyoyaona katika kusoma kwako, tangaza majina yaliyobaki, na uwape watu wiki moja ya kuleta pingamizi kwa watu wawili wanaoaminika, mwanamume na mwanamke, ambao wenyewe hawagombei. Pingamizi liwe la tabia iliyoonekana. "Baba yake alitudhulumu shamba" si pingamizi.

Wawe watano, au saba wakizidi sana. Kwa watu mia saba hao wanatosha. Wakifika 11 kila mmoja humtegea mwenzake, kama mlivyoona usiku ule. Tena kumbuka kuwa katika WhatsApp wasimamizi wote wana nguvu sawa, na kila mmoja anaweza kumvua mwenzake au kumpa mgeni. Ndiyo maana binamu yako aliweza kuwajaza marafiki zake. Wewe peke yako, kwa kuwa ndiye uliyelifungua kundi, hawawezi kukutoa, na kwa hiyo huwezi kukaa pembeni ukasema yamekushinda. Telegram inaruhusu kugawa mamlaka, huyu afute ujumbe tu na yule aingize watu tu, lakini kuhamisha watu mia saba pamoja na bibi zao si kazi ya kuianza sasa. Wekeni sharti lililoandikwa: hakuna msimamizi mpya anayeingizwa bila ya wote kukubaliana, na hakuna mtu anayetolewa kwa uamuzi wa mmoja, isipokuwa kwa picha chafu au utapeli wa fedha.

Huko Kisiwa Panza, kusini ya Pemba, wanakijiji wamekuwa wakifunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha huufungua watu wavue. Mlinzi wa mwamba anayefaa ni yule ambaye akimkuta mdogo wake mwenyewe anavua ndani ya eneo lililofungwa, atamzuia kama angemzuia mgeni. Mtaalamu wa Marekani, Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, aliitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza jumuiya zinazosimamia wenyewe malisho, maji na uvuvi wao, na katika zile zilizodumu aliona kuwa wasimamizi walikuwa wakiwajibika kwa wanajumuiya wenyewe, na kwamba adhabu zilianza ndogo na kupanda kwa kadiri ya kosa. Ninyi pia anzeni na neno la faragha, kisha onyo la wazi, kisha mtu apumzishwe nje kwa wiki moja, na kutolewa moja kwa moja kuwe kwa nadra. Wasimamizi wawe na kikundi chao kidogo ambamo kila aliyetolewa huandikwa sababu, ili baada ya miezi mitatu ya majaribio muweze kukaa na kuona nani amemtoa nani na kwa nini. Baada ya majaribio, mwaka mmoja unatosha, kisha wengine washike. Kazi hii inachosha, na aliyechoka huanza kufuta hata salamu.

Kabla hujawagusa wasimamizi, mrudishe yule mama. Alitolewa mbele ya watu, kwa hiyo aombwe radhi mbele ya watu, na wewe mwenyewe ndiye uandike, na hesabu aliyoiuliza ijibiwe siku hiyo hiyo. Wengine watakuangalia katika hilo kuliko katika hotuba yoyote utakayoitoa juu ya wasimamizi wapya.

Kwa mjomba, usimwandikie. Nenda nyumbani kwake baada ya sala ya isha, ukae, mnywe kahawa, umwambie kuwa wasimamizi wote 11 wanapumzishwa kwa pamoja, na kwamba wapya wataanza kwa masharti mapya. Hilo ni kweli, na ndivyo utakavyofanya, ili asionekane yeye peke yake ndiye aliyevuliwa. Kisha mpe kazi inayomstahiki: awe miongoni mwa wale wawili wa kupokea pingamizi, kama unamwona anaweza kutunza siri, au awe mzee anayeitwa pale familia mbili zinapogombana na maneno ya simu hayasaidii tena. Mwalimu mkuu aliyewasomesha nusu ya kijiji anaweza kuwapatanisha watu kwa dakika kumi kwenye kibaraza chake, jambo ambalo hakuna msimamizi atakayeliweza kwa wiki nzima ya kuandika. Atanuna kidogo. Ukimtembelea tena wiki ya pili, hatanuna.

Bwana wa Muscat mpigie simu, umshukuru kwa kila alichokitoa, na umweleze ile kanuni ya fedha na usimamizi bila ya kulitaja jina la yule mama, kwa sababu analijua. Usimbembeleze wala usimtishe. Akiendelea kuchangia, jina lake litaonekana kila mwezi katika hesabu mbele ya watu mia saba, na huenda hilo likampendeza kuliko usimamizi. Akisitisha, andikeni fedha zilizopo ni kiasi gani, mwulizeni seremala zinatosha madawati mangapi, na mumwambie aanze na hayo.